Inspekta Aliyelishwa Jikoni

Jumamosi iliyopita tulikutana Kiamunyi, nyumbani kwa Bwana Makokha, sisi mabaki ya Kampuni. Alikuwa anatimiza miaka themanini, na wanawe walikuwa wamekodi hema jeupe na viti vya kuvishwa vitambaa kana kwamba mzee anaoa upya. Yeye mwenyewe aliketi katikati na koti lake la suti, akilalamika kwamba nyama ni ngumu na kwamba wapishi wa siku hizi wana haraka. Tulikuwa kumi na mmoja tu. Tukaanza kama kawaida ya wastaafu: nani amekufa, nani ana sukari, nani goti linamsumbua, nani alipelekwa ng'ambo na mwanawe akarudi mbio kwa sababu ya baridi. Kisha akaja Faith, mjukuu wa Bwana Makokha, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye digrii mpya na simu mbili, akaketi kando yangu na sahani ya pilau. Alikuwa na shida ya watu wenye bahati: kazi mbili zilikuwa zinamtaka. Moja ilikuwa ya kampuni kubwa ya zamani kule Nairobi, yenye jengo lake na basi lake la wafanyakazi. Nyingine ilikuwa ya marafiki zake wawili waliokodi chumba juu ya duka la hadiwea pale mjini, wanatengeneza kitu cha simu cha kuwasaidia wakulima. “Aunty Nekesa, niambie ukweli,” akasema. “Huko kwa kampuni kubwa si mtu hugeuka tu namba? Unaingia na ndoto zako, wanakupea beji, unaanza kungoja pensheni.”

Nikahisi damu ikinipanda. Msichana hakunitukana, na nusu ya alichosema nimewahi kukisema mwenyewe, tena kwa maneno makali zaidi. Lakini kuna mambo ambayo mtu huruhusiwa kuyasema juu ya nyumba aliyolala, na mgeni akiyasema unataka kumtoa nje. Nilikuwa nimefungua mdomo nimpe dozi yake, ndipo Bwana Makokha, ambaye masikio yake hufa ganzi kila anapokumbushwa dawa, akasikia kila neno kutoka pale katikati ya hema. “Mwambie ya jikoni,” akasema. “Na usinihurumie.” Wazee wote wakaangua kicheko. Nikamsimulia Faith kwa ufupi, maana pilau ilikuwa inapoa. Hapa naisimulia kwa urefu wake.

Ya nyumbani kwetu nitayaruka. Kila mtu ana kwao. Inatosha kusema nilishuka Nakuru na sanduku la bati, cheti cha chuo cha kilimo, na barua ya Kampuni iliyosema kwamba nimeajiriwa kuwa inspekta msaidizi wa mashamba ya mbegu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, ama ningepewa barua ya kuthibitishwa kazi, ama ningefunga sanduku langu. Hakukuwa na njia ya tatu. Niliikariri barua ile kama zaburi. Kampuni yetu ilikuwa ya mbegu za mahindi, na ilikuwa pale kabla wengi wetu hatujazaliwa: maghala marefu ya mabati, matangi ya nafaka yaliyoonekana toka mbali, na king'ora cha saa moja asubuhi ambacho mama wa sokoni walikitumia kujua kwamba wamechelewa. Mbegu ilipakwa dawa yenye rangi ya waridi ili watu wasiile, na vumbi lake lilikuwa halina adabu. Lilipenya hosteli ya wasichana, chumba kimoja vitanda viwili vya chuma, nikalala mwaka mzima kwenye mto wa waridi. Mwenzangu wa chumba alikuwa wa maabara. Alikuwa akipiga chafya usingizini, na bado aliniambia, “Wacha ikae. Watu huko nje wanaililia hii vumbi.”

Na kweli watu walikuwa wanaililia. Wacha nianze na mazuri, kwa maana nimechoka na vijana wanaodhani mazuri hayakuwepo. Mwezi wa tatu nilishikwa na taifodi, nikalazwa siku tisa katika kliniki ya Kampuni, shuka nyeupe, uji wa asubuhi, na nesi mnene aliyeniita “mtoto wangu” huku akinidunga bila huruma. Mwenye duka aliyekuwa akiniangalia kama mwizi siku nilipofika, alipoona beji alinivutia kiti. Kanisani nilitambulishwa, “Dada yetu wa Kampuni,” na akina mama wenye wavulana wakageuka kunitazama vizuri. Kantini ilikuwa na chai ya maziwa saa nne na mandazi mawili kwa kila mtu, uwe bosi au mfagiaji. Zaidi ya hayo yote kulikuwa na watu waliojua kazi. Ungemuuliza fundi wa mashine swali moja, naye angekupa miaka ishirini ya majibu.

Lakini jameni, mabaya nayo! Mvua za kwanza ziliponyesha niliomba gambuti. Fomu ya gambuti ilitaka saini tano. Aliyekuwa na saini ya tatu alikuwa likizoni, na aliyekuwa na ya nne hakuweza kutia saini kabla ya ya tatu. Nilikanyaga matope ya Njoro na Subukia kwa viatu vya kanisani mpaka vikafumuka. Gambuti zilikuja baada ya wiki saba, mvua ikiwa imekwisha, zote mbili za mguu wa kushoto, na kuzirudisha kulikuwa na fomu yake. Kantini mandazi yalikuwa sawa lakini viti havikuwa sawa: mabosi karibu na dirisha, waliothibitishwa katikati, sisi wa majaribio mlangoni pa upepo, na vikombe vyetu vya bati vilichoma midomo. Sikuwa na jina. Nilikuwa “huyo wa majaribio.” Ukiwa na wazo, ulimwambia mkubwa wako, naye akamwambia wake, na likifika juu lilikuwa limekuwa la mtu mwingine.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Makokha. Wakati huo alikuwa mwanamume wa makamo, anatembea mikono nyuma kama anayekagua gwaride, na kila mtu alijua kwamba mwaka huo ndio angepandishwa kuwa inspekta mkuu. Ndiye aliyenipa Kitabu cha Kijani, sheria zote za Kampuni juu ya shamba la mbegu, kurasa zimelegea kwa kushikwa. “Usikicheke,” aliniambia. “Kila sheria unayoiona humu, kuna mtu aliaibika kwanza.” Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Shamba la mbegu hupandwa mistari ya mama na mistari ya baba. Katika mistari ya mama, mbelewele, lile ua la juu la hindi, lazima ing'olewe kabla haijamwaga vumbi lake la njano, ili mama apate vumbi la baba peke yake. Mama akijimwagia mwenyewe, mbegu imeharibika, na hakuna jicho linaloweza kuona. Punje itang'aa, itapakwa waridi, itaingia kwenye pakiti. Mkulima atakuja kujua baada ya miezi kadhaa, akiwa amesimama katikati ya mahindi mafupi na marefu, na watoto wanangoja chakula. Kwa hiyo Kitabu kilisema: inspekta ahesabu mashina mia katika sehemu kumi za shamba, asubuhi, umande ukishakauka, kabla ya saa sita, saa ambazo ua humwaga. Mbelewele iliyomwaga ikizidi moja katika mia, shamba limekataliwa. Anayehesabu aandike kwa wino na kutia saini pale pale. Fomu haibadilishwi, ila shamba lihesabiwe upya kabla jua halijatua siku hiyo hiyo. Niliona ni upuuzi mwingine wa saini, ndugu ya fomu ya gambuti.

Shamba kubwa kuliko yote tuliyoyakagua lilikuwa upande wa Rongai, la mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Watu wote walimwita Kanali, na kama alikuwa na jina lingine sikulisikia. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, na ukarimu wake ulisifiwa mpaka kwenye kliniki yetu. Siku ya kwenda kwake Bwana Makokha alinyoa ndevu kwa uangalifu zaidi. Tulifika saa tatu na nusu, umande umekwisha kukauka, mahindi yamempita mtu kichwa. Kanali alikuwa barazani. “Makokha! Umechelewa, chai inapoa.” Nikaona kupitia mlangoni meza iliyotandikwa: hiyo haikuwa chai, ilikuwa harusi. Kuku, chapati, mchele, matunda yaliyokatwa. Bwana Makokha akasugua mikono yake. Kisha Kanali akaniona mimi na begi langu. “Na huyu binti? Mpelekeni jikoni, wanawake wenzake wako huko, watamtunza vizuri.” Alisema kwa wema kabisa, kama mtu anayekupa kiti. Bwana Makokha alinitazama mara moja, kisha akamfuata ndani. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba.

Jiko lilikuwa chumba cha peke yake, kuta nyeusi kwa moshi, moto wa kuni, na dirisha lisilo na kioo lililotazama shamba. Mpishi alikuwa mama wa umri wa mama yangu, aliyejiita Mama Tabitha, mikono yake imejaa unga. Alinipa kigoda, ugali na mboga na mchuzi. “Kula, mami. Hao wazee watakaa huko mpaka karibu saa sita. Kila mwaka ni hivyo.” Nilikuwa nimemega tonge la kwanza niliposikia miguu inakimbia. Nikatazama dirishani. Watu kama thelathini, wanaume kwa wanawake, walikuwa wanaingia shambani na magunia, wameinama, na nyapara anawahimiza kwa sauti ya chini ile ya kanisani: “Haraka! Wageni wako kwa chai! Mistari ya mama tu, na msiache maua chini!”

Nikalirudisha tonge sahanini. “Wanafanya nini hao?” nikauliza. Mama Tabitha aliendelea kusukuma chapati. “Mimi ni wa kupika,” akasema. Akachukua donge jingine la unga, akaongeza, “Huwa wanasafisha, ndio mkitoka mkute kuzuri.” Nikamtazama. Akanitazama. “Si wewe ni ule wa kuandika barua za mzee uliyekuja naye?” Nikamwambia hapana, mimi ni inspekta. Mti wa kusukumia chapati ukasimama hewani. “Woi,” akasema. “Basi leo wamekuketisha mahali pabaya.” Wala hakunizuia. Alichukua sahani yangu mkononi, akaiweka juu ya rafu, akaifunika.

Sasa nataka niseme kweli: niliogopa. Nilijua ninachokiona. Mbelewele zilikuwa zimekwisha kumwaga. Kuzing'oa wakati huo ni kumwosha maiti uso. Kila mwaka Kampuni ilikaribishwa chai saa zile zile ambazo Kitabu kilitaka iwe shambani, na ilipotoka ikijipangusa mdomo ilikuta mistari misafi. Hakuna aliyedanganya kwa maneno. Walitumia adabu tu, maana nani atakataa chakula cha mzee? Na mimi nisingejua lolote kama wangenihesabu kuwa mgeni kamili. Nilikumbuka barua yangu, miezi miwili tu imebaki, nikakumbuka sanduku la bati. Nikajikaza kisabuni, nikachukua ubao wangu wa fomu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilianzia mwisho wa mbali, ambako magunia hayajafika. Nyapara akanikimbilia. “Madam, unatafuta choo? Choo iko ile upande.” Nikamwambia, “Natafuta mia moja.” Nikampita, nikaanza kuhesabu. Mia ya kwanza nikapata mbelewele saba zinazomwaga, vumbi la njano likinidondokea mabegani, na nywele za mahindi chini yake zimekwisha kutoka, laini, zinanata, zinapokea kila kitu. Mia ya pili nikapata tano. Ya tatu tisa. Nilihesabu kwa sauti ili nisijidanganye, na nilipofika sehemu zilizokwisha kusafishwa niliandika hivyo hivyo: safi, zimeng'olewa asubuhi hii, majeraha bado mabichi. Sehemu zote kumi. Nilikandamiza kalamu nusura itoboe karatasi. Nikatia saini pale pale, nimesimama katikati ya mistari ya mama.

Walinikuta nikitoka. Kanali mbele, Bwana Makokha nyuma na kijiti cha meno mdomoni. “Nani amemruhusu huyu msichana shambani mwangu?” Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilimpa Bwana Makokha fomu. Aliisoma. Akatazama gunia lililoachwa kando ya njia, maua yamechungulia mdomoni mwake. Rangi ilimtoka usoni. “Makokha,” Kanali akasema, sasa kwa upole, “wewe ni mtu mzima. Hesabu wewe, tumalize haya mambo ya watoto.” Hiyo ilikuwa halali, Kitabu kiliruhusu, jua lilikuwa bado juu. Bwana Makokha aliingia shambani peke yake. Tulisimama pale, mimi na Kanali, naye akawa anavunja kijiti kimoja vipande vidogo vidogo. Sijawahi kuona mtu akikawia hivyo. Bwana Makokha alipotoka, koti lake lilikuwa la njano mabegani. “Pale alipopata saba, mimi nimepata nane,” akasema. Kanali akauliza kwa hasira, “Kwani huyu ni nani?” Naye Bwana Makokha akasema, “Ni inspekta wa Kampuni. Ningekuambia asubuhi.” Matangi yetu yalikuwa yameanza kuonekana alipofungua mdomo ndani ya gari. “Miaka kumi na minne,” akasema, akitazama nje. “Miaka kumi na minne nimekunywa chai ya yule mtu.”

Kesho yake Meneja akaniita peke yangu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema kwa haki. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye ramani ya mashamba ukutani, na shamba la Kanali lilikuwa kipande kikubwa kuliko vyote. “Nikipoteza hili, msimu ujao pakiti hazitatosha, na atakayeulizwa ni mimi,” akaniambia. “Andika fomu nyingine. Sema ulihesabu karibu na mpaka tu, kwa kutojua. Wewe bado uko kwa majaribio, hakuna atakayekulaumu kwa kosa la mwanafunzi. Barua yako iko hapa kwa drowa. Nikiitia saini leo, imeenda.” Akaifungua ile drowa kidogo, nikaona jina langu limepigwa chapa. Jina langu lote, si “huyo wa majaribio”. Nilitaka barua ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikasema, “Fomu iko kwa Bi Zuhura, bwana.”

Bi Zuhura alikuwa mwenye rejista. Alikuwa mama wa mtaa wa Bondeni, nyanya yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tujisikie tunatafuna mawe. Hakuna karatasi iliyoingia Kampuni bila kupitia kaunta yake, kupigwa muhuri na kupewa nambari. Meneja alitoka mbio, mimi nyuma yake. “Ile fomu ya Rongai. Nipe, nitairudisha.” Bi Zuhura akavaa miwani. “Ishapigwa muhuri jana, bwana, na nambari ishapata. Lakini ichukue, ni mali ya Kampuni, si yangu.” Akainama, akatoa daftari kubwa jeusi, akaligeuza limwelekee Meneja, akaweka kidole. “Hapa watia sahihi. Na hapa waandika sababu ya kuitoa.” Meneja akachukua kalamu. Makarani wanne waliacha kupiga taipu. Kalamu ikakaribia karatasi, ikasimama. “Sababu gani?” akauliza. “Yoyote ile, bwana,” Bi Zuhura akasema kwa adabu kamili. “Mradi iwe ya kweli na iwe kwa wino.” Nilihesabu pumzi zangu. Meneja akaiweka kalamu chini polepole. “Wacha tu,” akasema, akaenda zake.

Nilitaka kurukaruka. Dubwana lile lile lililoshindwa kunipa kiatu cha kulia kwa wiki saba lilikuwa limekataa kumfanyia haraka mkubwa wake pia! Bi Zuhura aliniona meno yakitoka. “Usichekelee mno, mwanangu,” akasema akifunga daftari. “Leo limekufaa. Kesho hili hili litakunyima likizo.”

Hakukosea. Shamba la Kanali lilikataliwa, mahindi yake yakaenda kusagwa unga kama mahindi ya kawaida. Mimi nikaanza kungoja. Hakuna aliyenifokea. Kampuni kubwa haikufukuzi, inakusahau. Mwenzangu wa chumba akapata barua yake, akahamia meza ya katikati. Wengine wakapata. Kila Ijumaa nilimuuliza karani, naye akasema, “Iko kwa mkubwa.” Watu walianza kuacha nafasi kati yao na mimi pale mlangoni, kama taifodi imenirudia. Ikabaki wiki mbili, ikabaki moja. Nililia usiku kwenye mto wangu wa waridi, nikimlaani Kanali, na Kitabu, na ujeuri wangu. Nilikuwa nimekwisha kukunja nguo.

Nisichokijua ni kwamba Bwana Makokha alikuwa ameandika. Kurasa mbili kwa mkono, kwenda makao makuu, akijishtaki mwenyewe: kwamba kwa miaka kumi na minne ameketi mezani saa za kuhesabu, na kwamba hesabu ya kwanza halali katika shamba lile imefanywa na inspekta wa majaribio aliyelishwa jikoni. Neno hilo, jikoni, aliliandika wazi. Aliipeleka kwa Bi Zuhura ipigwe muhuri, akaagiza nakala itiwe ndani ya faili langu, ili yeyote atakayelifungua alazimike kuisoma kwanza. Hakuniambia. Alijua kitakachotokea, na kikatokea: cheo cha inspekta mkuu alipewa mwingine, na Bwana Makokha alistaafu na cheo kile kile alichokuwa nacho siku nilipofika. Nilipomkabili baadaye nikimuuliza kwa nini alijiangamiza hivyo, alinikemea. “Nani ameangamia? Mimi nalala.”

Barua yangu ilifika siku ya mwisho ya mwaka wangu, saa nne, kantini. Saini haikuwa ya Meneja. Ilikuwa ya mtu wa makao makuu ambaye sikumjua wala sijawahi kumwona mpaka leo. Maneno yalikuwa yale yale ya kila mtu, tunafurahi kukufahamisha, hakuna hata nusu sentensi juu ya Rongai, hakuna asante. Niliisoma mara tatu nikitafuta asante. Kisha nikaelewa nimeshika nini, na kitu kikanipasuka kifuani. Nikapiga kigelegele pale mlangoni pa upepo, peke yangu, andazi mkononi, na mpishi wa kantini akaitikia kutoka nyuma ya sufuria bila kujua sababu. Bwana Makokha alikuwa mezani kwake. Aliinua kikombe chake kidogo tu, akaendelea kunywa.

Faith alisikiliza pilau ikaganda. “So niende ama nisiende, Aunty?” Nikamwambia ukweli kama alivyotaka. Nilikaa Kampuni miaka ishirini na tisa. Ilinilisha, ilinitibu, ilinisomeshea watoto, ikanila pamoja na uvumilivu wangu na mawazo yangu mengi mazuri ambayo yalikufa mezani kwa watu. Nilikuwa namba, ndiyo. Lakini siku ile namba aliyoipa Bi Zuhura fomu yangu ndiyo iliyonisimamia, kwa maana msichana mwenye jina tu angebembelezwa, angetishwa, angesahaulika. Katika kile chumba juu ya duka la hadiwea utaitwa kwa jina kila saa, na gambuti utapata siku hiyo hiyo. Uliza tu: hao marafiki zako wakikosea, daftari la kuwazuia liko wapi? Na huko Nairobi uliza: kuna mtu kama babu yako? Maana daftari bila mtu ni kaburi la watu walio hai. Akasema atafikiria. Vijana wa leo wanafikiria sana, si vibaya.

Jambo moja sikumwambia, kwa sababu babu yake alikuwa anakata keki. Msimu uliofuata nilitumwa tena Rongai, safari hii peke yangu na dereva. Kanali alikuwa bado mkulima wetu. Nilifika saa tatu na nusu. Alikuwa barazani, mkubwa vile vile. “Inspekta,” akasema. “Chai?” Nikasema, “Nikimaliza, Kanali.” Akaitikia kwa kichwa. Nilihesabu mashina elfu moja, sehemu kumi, na katika yote nilipata mbelewele mbili tu. Lilikuwa shamba safi kuliko yote niliyowahi kuyaona, watu wake walikuwa wameng'oa mbelewele kwa wakati, na niliandika hivyo kwa wino, nikatia saini. Nilipotoka alisimama mwenyewe kunifungulia mlango wa sebule. Mezani kulikuwa na shemeji zake wawili, wazee wenye fimbo, na Mama Tabitha amesimama na jagi la maji ya kunawa. Kanali akafunua sufuria ya kuku, akatafuta kwa kijiko, akaitoa firigisi, kile kipande ambacho kwa watu wengi wa huku hakipiti mbele ya mwanamume kikaenda kwa mwanamke. Akaiweka kwenye sahani yangu. Wale wazee wawili wakatazamana. “Kula, inspekta,” akasema. Mama Tabitha akaangua kicheko mpaka maji yakamwagika sakafuni, na mimi nikaila firigisi ile yote, polepole, sikumbakizia mtu.